LUKU moja, wapangaji watatu: elfu kumi imetoka uniti 77 hadi 28

Bi_Chikongola
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nyumba ya kupanga, familia tatu kwenye LUKU moja. Zamani tukiwa familia mbili, umeme wa 10,000 ulileta karibu uniti 77. Sasa elfu kumi hiyohiyo inaleta 28, na tukinunua mara ya kwanza mwezi ukianza inaleta 23.8. Mwezi uliopita tumenunua mara sita, jumla 60,000. Familia moja ina friza la kuuzia barafu, wawili tuliobaki tuna feni, TV na pasi, na mimi nina friji dogo. Tunachanga sawa kwa sawa na maneno yameshaanza. Maswali yangu: uniti zimeenda wapi, friza linakula kiasi gani, na tugawane vipi bila kununiana?

Waya_Mwekundu
Dada, uniti hazijaenda popote, bei ndiyo imepanda daraja. Kwa bei za EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) zilizoanza Aprili 2016, mteja wa D1 (daraja la matumizi madogo) hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni 350. Mteja wa T1 (daraja la matumizi ya kawaida) hulipa 292 tangu uniti ya kwanza. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA 1, jumla 22. Kwa hiyo uniti ya D1 inakufikia kwa shilingi 122, ya T1 kwa 356.24. Kwa D1, uniti 75 za kwanza ni 9,150, na 850 inayobaki gawa kwa 427 (350 na makato yake) upate 1.99, jumla karibu 77. Kwa T1, gawa 10,000 kwa 356.24 upate 28.07. Nyumba yenu ilikuwa D1, familia ya tatu ilipoingia mkawa mnapita 75 kila mwezi, mita ikahamishiwa T1.

Hiyo 23.8 nayo ina sababu yake. Nunua ya kwanza ya mwezi inakatwa 1,500 ya kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida, zinabaki 8,500, na 8,500 kwa 356.24 ni 23.86. Msiponunua mwezi mzima, mwezi unaofuata itakatwa 3,000. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Tunzeni meseji za tokeni, mwisho wa mwaka ni 18,000 ya kutoa kwenye pango. Mzee akigoma, mwonyesheni meseji, kila makato yameandikwa pale kwa mstari wake.

Hesabu ya mwezi wenu sasa: 60,000 toa 1,500 ni 58,500, sawa na uniti 164. Kwa familia tatu hayo si matumizi ya kutisha. Zingekuwa mita tatu, mmoja 85, mwingine 45, mwingine 34, hao wawili wa chini wangelipa 5,490 na 4,148 kwa D1. Wa friza naye, 75 za kwanza ni 9,150 na kumi zinazozidi ni 4,270, jumla 13,420. Akizidi 75 kila mwezi atahamishiwa T1 na kulipa kama 30,280, lakini angelipa yeye, si nyinyi. Kinachowagharimu zaidi ni kujazana kwenye mita moja.

Chumvi_na_Kutu
Nyongeza kuhusu friza, maana huku pwani friza halifanyi kazi kama lilivyoandikwa kwenye boksi.

Pimeni kwa mita yenyewe. Kwenye uso wa LUKU kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh (miwako 1000 kwa uniti moja), au 1600, au 3200. Zimeni kila kitu, acheni friza peke yake mota ikiwa inanguruma. Hesabu sekunde kutoka mwako mmoja hadi unaofuata. Mita ya 1000: gawa 3,600 kwa sekunde hizo, jibu ni wati. Ya 1600: gawa 2,250. Ya 3200: gawa 1,125. Mfano, mita ya 1000 ikiwaka kila sekunde 20, friza linavuta wati 180.

Msiishie hapo, kwa sababu mota hulala na kuamka. Andikeni saa inapowaka na inapozima kwa nusu siku. Friza zima hupumzika karibu nusu ya muda. Mota ikifanya kazi saa 14 kwa siku, wati 180 zinakuwa uniti 2.5, yaani kama 900 kwa siku kwa bei yenu ya T1, 27,000 kwa mwezi. Ikishushwa hadi saa 10 ni uniti 1.8.

Kinachoongeza saa ni hivi. Mpira wa mlango: bana noti ya elfu moja mlangoni, funga, ivute. Ikitoka kama imewekwa kwenye daftari, mpira umechoka. Uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwanza, mara nyingi ni ute wa samaki na sukari ya juisi tu. Barafu ya ukutani ikifika unene wa kidole, yeyusha, lakini usikwangue kwa kisu, utatoboa bomba la gesi. Nyuma paachwe nafasi ya sentimita kumi. Kwa nyumba za upande wa bahari, Shangani na kwingineko, ule wavu mweusi wa nyuma hushika vumbi lenye chumvi likaganda kama ukoko. Chomoa waya, piga brashi kavu kila mwezi.

Halafu barafu yenyewe. Lita moja ya maji ya bomba la Mtwara, yaani ya moto wa mchana, kuigandisha hula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Pakiti zenye jumla ya lita 20 kwa siku ni uniti mbili hata friza likiwa jipya. Mama wa barafu ajaze pakiti jioni, aziache nje zipoe, aziingize usiku. Na bei ya pakiti aipange akijua lita moja inamtoa kama shilingi 36 za umeme.

Lindi_Mtuleni
Msimalizie hasira zote kwenye friza. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga, ile ya kuchovya kwenye ndoo, ni wati 1,000 hadi 1,500. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, tayari uniti 1 hadi 1.5, karibu nusu ya friza, na hakuna anayeihesabu kwa sababu haingurumi. Feni la wati 60 usiku kucha ni nusu uniti. TV ya inchi 32 saa sita ni theluthi moja.

Kugawana: mita ndogo ya fezi moja kwa kila familia, ifungwe baada ya meni swichi na fundi mwenye leseni ya EWURA. LUKU yenyewe isiguswe wala rakiri (muhuri) yake isikatwe. Someni wote siku moja, saa moja. Bei ya uniti msiikisie: pesa iliyoingia, toa kodi ya majengo, gawa kwa uniti mlizopata. Zinazobaki kati ya LUKU na mita ndogo (pampu, taa ya uani) gawaneni sawa.

Suluhisho la kudumu ni LUKU tatu. Kila upande uwe na waya wake na meni swichi yake, na mwenye nyumba ndiye anayeomba TANESCO.

Bi_Chikongola
Asanteni sana wakuu. Mita yangu imeandikwa 1600. Nimezima kila kitu na kuchomoa plagi zote za familia tatu, meni swichi nikaiacha juu, taa bado inawaka kila sekunde 56. Ni kawaida?

Waya_Mwekundu
Si kawaida. 2,250 kwa 56 ni wati 40. Hiyo ni karibu uniti 1 kwa siku, 29 kwa mwezi, zaidi ya 10,000 inayotoka mkiwa mmelala.

Shusha meni swichi kwanza. Taa ikiendelea kuwaka, kuna waya umeunganishwa kabla ya swichi, hapo usiguse, toa taarifa TANESCO. Ikizima, rudisha, kisha shusha breka moja moja hadi taa ya mita itulie. Breka iliyoituliza ndiyo yenye tatizo.

Msikimbilie kusema ukuta unavuja. Wati 40 zikivuja kwenda ethi (ardhini) ni kama miliampia 170, na ELCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 ingekuwa imeshakata zamani. Bonyeza kitufe cha T kwenye ELCB: isipokata imekufa, na hapo kuvuja kunawezekana, hasa kwenye ukuta unaolowa masika au soketi ya bafuni. Yeyote anayehisi kutekenywa akigusa bomba au ukuta aache kutumia upande huo hadi fundi afike. Ikikata vizuri, tafuteni kifaa mlichosahau. Mwangalie jiko la uani: globu ya zamani ya kioo, ile ya wati 40, huwa haina swichi karibu na hakuna anayekumbuka kuizima.