Mjadala: Darasa la nne waanze na tope la mikoko au waanze na ubao?

Mleta mada (Tanga):
Watoto wa hapa tusiwafundishe mikoko ubaoni kwanza. Wapelekwe Sahare, pwani yetu yenye mikoko, na swali moja tu: jani likianguka, linakwenda wapi? Okoteni majani 10 ya mkaka, ule mkoko wenye mizizi ya matao, yaliyoanguka yenyewe na kugeuka njano. Kila jani lifungwe uzi wa pamba wa mita 1 kwenye kikonyo, ncha ya pili kwenye mzizi. Watoto wasogee mbali, wanyamaze dakika 40. Wakirudi wafuate nyuzi. Nyingine zitakuwa zimeingia shimoni, kaa kavuta jani lake. Mengine yatakuwa yamezungukwa na tondo, konokono wa mikokoni, wanayatafuna. Neno "mnyororo wa chakula" litajwe hapo, si kabla.

Ubao Kwanza:
Mwalimu, kwa heshima zote, darasa lina watoto 70. Miguu 140 juu ya vile vijizizi vya mchu, mkoko wa aina nyingine, vinavyochomoza kama penseli ni kuunyima mti pumzi. Halafu kuna mambo macho hayayaoni. Mtoto atasikia tope linanuka yai viza, lakini hawezi kugundua mwenyewe kwamba ni gesi ya bakteria wanaoozesha vitu pasipo oksijeni. Asipoambiwa mapema atarudi nyumbani akiamini mikokoni ni jalalani, na mahali pa hivyo nani atapaonea uchungu?

Mama Bamvua:
Kaka Ubao, hilo la miguu ni kweli kabisa. Waingie 15 kwa zamu, kwa njia moja iliyowekewa kamba. Waliobaki wahesabu mashimo ya kaa ukingoni kwa fremu: bomba la plastiki la nusu inchi, vipande 4 vya sentimita 50, elbo 4. Litoboeni matundu, maana bomba lenye hewa huelea kwenye dimbwi. Na waandike "mashimo", wasiandike "kaa". Mashimo mengine yamehamwa.

Viatu viwe vya kufunika mguu, chaza wa kwenye mizizi wanakata vibaya. Uzi wa nailoni marufuku: ikibaki topeni inanasa viumbe. Uzi ukifungwa katikati ya jani, jani linachanika na kaa anaondoka na kipande.

Kinachoharibu ziara nyingi ni saa. Tanga, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili baadaye. Fikeni saa 3. Maji yakiwakuta majani hayajakaguliwa, lililopotea hamtajua limechukuliwa na kaa au na mkondo, na jaribio limekufa. Barua ya ruhusa kwa wazazi iandikwe baada ya kutazama mwezi, si kalenda ya shule peke yake.

Mleta mada:
Dada, 15 kwa zamu nimekubali. Ila kwenye harufu, Ubao, nakataa. Chukua tope jeusi, jaza kikopo ukifunike kabisa, jingine litandaze kwenye sahani kivulini. Lile la sahani uso wake utageuka kahawia na harufu itapungua, la kikopo litabaki jeusi. Mtoto ameshaona kwamba hewa ndiyo iliyolibadili. Sasa mpe neno oksijeni, litapata pa kukaa.

Ubao Kwanza:
Hilo la sahani nimelipenda. Lakini linafanyika darasani, watoto wote 70 wakiona, bila kukanyaga mzizi hata mmoja. Kwa nini basi tusianze nalo wiki moja kabla, ndipo Sahare ifuate?