Naomba ushauri: pikapu mpya na safari ya kwanza hadi Mbeya

Ndugu zangu, salaam. Ijumaa ninakabidhiwa hapa Dar es Salaam pikapu mpya ya dizeli, ya gia za mkono, ambayo nimedunduliza fedha zake kwa miaka sita. Nilipoikagua juzi viti vilikuwa bado vimefunikwa nailoni na dashibodi ilisoma kilomita 11. Natakiwa kuipeleka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ilhali kitabu chake kinaelekeza kwamba katika kilomita 1,000 za mwanzo nisikanyage mafuta hadi mwisho, nisivute tela, wala nisiende mwendo uleule kwa muda mrefu, ili ringi za pistoni zikae vizuri ndani ya silinda. Kinachonitia hofu ni mlima Kitonga, ambako malori hupanda polepole na kuyapita ni shida. Je, nipande kwa gia ya pili injini izunguke kwa wepesi, au ya tatu? Mimi naona kuilemea injini kwa gia kubwa ndiko kubaya zaidi. Pia fundi wangu, ambaye namwamini sana, anasisitiza oili imwagwe mara nikifika, wakati kitabu kinaweka matengenezo ya kwanza mbele zaidi. Nifuate lipi? Mliowahi kupita njia hiyo na gari jipya, naomba mnielekeze kabla ya Ijumaa.