Bandar bin Sultan alikaaje balozi Marekani miaka 22? Na waliomfuata mbona hawakudumu?

Mgosi_Tanga
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua toka juzi, nilikuwa nafuatilia mambo ya Saudi Arabia na Marekani nikakutana na huyu mwanamfalme Bandar bin Sultan, jamaa kakabidhiwa ubalozi wa Washington 1983 kaja kuuachia 2005. Yaani kamkuta Reagan, akaja Bush mzee, akaja Clinton, akaja Bush mtoto, yeye yupo tu. Huku kwetu balozi akikaa kituo kimoja miaka mitano sita unasikia karudishwa nyumbani. Sasa kwa wenzetu Waarabu hii kazi inaendaje, mtu anasomea diplomasia anaanzia chini ubalozini anapanda taratibu, au ni mambo ya kuzaliwa ikulu tu? Wajuzi karibuni, ila matusi na dini tuweke pembeni.

Rubani_Mstaafu
Huyo hakuwa mwanadiplomasia kabisa mkuu, alikuwa rubani wa ndege za kivita, kasomea Cranwell Uingereza kwenye chuo cha jeshi la anga. Baba yake Sultan ndo alikuwa waziri wa ulinzi wa Saudia miaka na miaka, ila mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, hatoki kwenye ukoo, kwahiyo usifikiri alianza kama mtoto wa mbele kwenye foleni ya wafalme, foleni yenyewe ndefu ile.

Kilichomtoa ni silaha. 1978 Saudia walitaka ndege za F-15, Bunge la Marekani lilikuwa linagoma, Bandar akatumwa Washington kuongea na wabunge mmoja mmoja na ndege zikapita enzi za Carter. 1981 ikaja ishu ya AWACS, zile ndege zenye rada kubwa mgongoni, hapo marafiki wa Israel walipambana kweli kweli na bado Seneti ikapitisha kura 52 kwa 48. Fahd alipokalia kiti cha ufalme 1982 akawa anamjua huyu kijana ni nani, mwaka uliofuata akampa ubalozi. Kwahiyo kazi alishaifanya kabla ya kupewa cheo.

Mgosi_Tanga
Asante mkuu. Lakini hilo linaeleza kuingia, halielezi kukaa miaka 22. Wengi wanaingia vizuri tu alafu wanachujwa.

bint_Ngamiani
Kukaa ni kwasababu ya Fahd. Balozi wa kawaida anaandika ripoti, inaenda wizarani, inakaa mezani kwa mtu, inapanda ngazi mpaka imfikie mkubwa ishachacha. Bandar alikuwa akiongea unajua anaongea mfalme, na akisikia kitu Ikulu ya Marekani kinafika kwa mfalme moja kwa moja. Marais wa Marekani wakalipenda hilo maana wanataka jibu leo leo.

Mfano mzuri ni 1990, Saddam kaingia Kuwait mwezi wa 8, Wamarekani wakamuita Bandar Pentagon (makao ya wizara yao ya ulinzi) wakamuonyesha picha za setilaiti za vifaru vya Iraq, baada ya siku chache Cheney, waziri wa ulinzi wa Marekani, yuko Jeddah mbele ya Fahd na Fahd anakubali majeshi yaje. Uamuzi mzito kama ule, majeshi ya kigeni kwenye nchi yenye Makka na Madina, ungepitia makaratasi ya kawaida ungechukua muda gani?

Na mwaka 1999 yeye na Mandela ndo walimzungukia Gaddafi mpaka akawatoa wale watuhumiwa wawili wa ndege ya abiria iliyolipuliwa juu ya Lockerbie, Scotland, wakashtakiwe Uholanzi. Balozi wa Washington anafanya kazi ya Tripoli, wewe fikiria hapo. Cheo chake kwenye karatasi na kazi aliyokuwa anafanya vilikuwa vitu viwili tofauti.

Mzee wa Faili
Mnamsifia sana ila mmesahau ya China. Katikati ya miaka ya 80 Wamarekani waligoma kuwauzia Saudia makombora ya masafa marefu. Bandar akaenda Beijing kimya kimya, wakati huo Saudia na China hata uhusiano wa kibalozi hawana (walikuja kuufungua 1990), wakanunua makombora ya DF-3. Mwaka 1988 Wamarekani wakagundua wakawaka moto. Sasa angalia nani aliyeumia. Sio Bandar aliyewazunguka, ni balozi wa Marekani kule Riyadh, Hume Horan, mtu anaongea Kiarabu kilichonyooka kuliko wanadiplomasia wengi wa Marekani wa wakati ule. Alitumwa kupeleka malalamiko, Fahd akachukia, akaomba jamaa aondolewe, Washington ikamuondoa. Aliyesomea kazi karudishwa kwao na aliyekuwa rubani akaendelea kupiga picha na marais. Mimi nilikaa sana na mafaili ya watumishi kabla ya kustaafu, hiyo hainishangazi hata kidogo.

Mgosi_Tanga
Dah, hiyo ya Horan inauma. Na aliyemfuata Bandar je?

bint_Ngamiani
Alikuja Turki al-Faisal, na hapo kuna utamu wa kifamilia, Turki ni kaka wa Haifa mke wa Bandar, kwahiyo ni shemeji mtu. Na sio mtu mdogo, aliongoza usalama wa taifa wa Saudia zaidi ya miaka 20 alafu akawa balozi London. Ukiangalia sivii ana kila kitu kumshinda Bandar. Aliingia Washington 2005, Desemba 2006 akawaambia wafanyakazi anaacha kazi akapanda ndege huyoo. Magazeti ya Marekani yaliandika sana kwamba Bandar, ambaye sasa alikuwa katibu wa baraza la usalama la Riyadh, aliendelea kwenda Ikulu ya Marekani mwenyewe bila kumpitia balozi. Sasa wewe ni balozi alafu unasikia shemeji yako kaja mjini kaonana na wakubwa kaondoka na chai hujanywa naye, utakaa?

Salum_Mjini
Hahaha shemeji huyo hafai

Jirani_wa_Ubalozi
Mie napinga kidogo hii ya kusema ni ukoo tu. Aliyekuja baada ya Turki ni Adel al-Jubeir na yule sio mwanamfalme. Kasoma Texas, kasoma Georgetown, miaka ya 80 akaingia ubalozi wa Washington kama msaidizi wa huyo huyo Bandar, akapanda, akawa mshauri wa mfalme Abdullah, 2007 balozi, 2015 waziri wa mambo ya nje. Ndo ile njia anayoiuliza mleta mada, ya kuanzia chini. Na kazi ilitaka kumuua kweli, Oktoba 2011 Wamarekani walitangaza kuna mpango wa kumlipua akiwa Washington. Muuza magari mmoja wa Texas mwenye asili ya Iran alikuwa anatafuta wauaji wa magenge ya Mexico, kumbe aliyempata ni mtoa habari wa polisi wa madawa ya kulevya. Akala miaka 25. Iran walikana.

Salum_Mjini
Kama mnazungumzia wajumbe wa Kiarabu Marekani basi Unguja tumetangulia. 1840 Seyyid Said alimtuma Ahmad bin Na'aman na jahazi la Sultana mpaka New York, wamebeba karafuu, pembe za ndovu, ngozi, tende, pamoja na farasi na zawadi nyengine za rais Van Buren. Jahazi lilifika limechoka, Wamarekani wakalitengeneza kwa gharama zao. Ahmad akachorwa picha na kilemba chake. Huyo hakuwa mtoto wa mfalme, alikuwa mtu wa kuaminika tu.

Na kabla hamjacheka mabalozi vijana wa Saudia, nakumbusheni Dk. Salim Ahmed Salim alipelekwa balozi Cairo 1964 ana miaka 22.

Mzee wa Faili
Salim sawa, ila yeye baada ya hapo alikwenda India, China, Umoja wa Mataifa, kazi juu ya kazi. Linganisha na Khalid bin Salman, rubani mwengine wa F-15, kapewa Washington 2017 hajafika hata 30, sifa kubwa kaka yake ni MBS (Mohammed bin Salman, mrithi wa ufalme). Mwaka uliofuata Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudia, akauliwa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia kule Istanbul, mambo yakawa moto, Februari 2019 Khalid karudishwa kupewa unaibu waziri wa ulinzi. Nafasi yake kaja nani? Reema, binti wa Bandar, mwanamke wa kwanza wa Saudia kuwa balozi popote.

bint_Ngamiani
Reema usimguse mzee, kakulia Washington baba yake akiwa balozi, ule mji anaujua. Kafanya biashara, kafanya kazi ya kufungua michezo kwa wanawake kule kwao. Ukiniuliza mimi huyo anastahili kuliko Khalid mara kumi.

Mzee wa Faili
Sijasema hastahili. Nasema mlango alioingilia unaujua. Na huyo Jubeir wenu wa kuanzia chini, Desemba 2018 alitolewa uwaziri wa mambo ya nje akabakishwa waziri wa nchi, na toka Oktoba 2019 anayekalia kile kiti ni Faisal bin Farhan, ambaye kabla ya hapo alikuwa balozi Ujerumani kwa miezi michache tu. Haya niambieni huyo Faisal ni wa ukoo gani.

Jirani_wa_Ubalozi
Al Saud 😅 lakini Jubeir miaka mitatu na nusu ya uwaziri alikula, hiyo huifuti.