Tairi za mbele zinaisha: nihamishe za nyuma au ninunue mbili mpya?

Mkazi_Kibaha: Wakuu, habari za jioni. Tairi zangu mbili za mbele zinaelekea kuisha, za nyuma bado zina kashata (meno ya tairi) nzuri. Fundi mmoja anasema za nyuma zije mbele. Mwingine anasema hapo nitamaliza zote nne, ninunue mbili tu. Mwezi ujao naenda Mbeya na familia. Nishaurini.

Fundi_Gia: Gari gani mkuu? Inavuta mbele au nyuma? Na tairi zinaliwa katikati, pembeni kote, au upande mmoja?

Mkazi_Kibaha: Toyota IST, inavuta mbele. Ya kulia imeisha sawasawa, ya kushoto imeliwa ndani.

Fundi_Gia: Ya kulia haina neno, gari la kuvuta mbele linamaliza za mbele kwanza. Hiyo ya kushoto ndiyo ya kuangalia. Pima alaimenti (mlalo wa magurudumu), kagua bushi na tairodi (fimbo za usukani), la sivyo hata tairi mpya italiwa vilevile. Ukishatengeneza, za mbele zirudi nyuma upande uleule, za nyuma zije mbele kwa kupishana, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia. Zenye mshale ubavuni hazipishani, zinabaki upande wake. Na fanya hivyo kila kilomita 8,000 hadi 10,000, usisubiri tofauti ionekane.

Mama_Safari: Jamani, na nati! Mimi nilihamishiwa tairi na gereji moja mjini, kijana akakaza haraka haraka nikaondoka. Baada ya Chalinze usukani ukaanza kutetemeka, kidogo kidogo, nikadhani ni barabara. Kisha nikasikia mlio wa chuma kugonga upande wa abiria. Kusimama, nati mbili hazipo, zilizobaki nazizungusha kwa vidole, matundu ya rimu yameshaanza kutanuka. Watoto walikuwa nyuma. Wakaze kwa kupishana kama nyota, gari likiwa limeshushwa chini, na baada ya kilomita 50 hivi usimame ukaze tena.

Forester_Daima: Pole sana dada. Sisi wa gari la kuvuta zote nne ndiyo kabisa, tairi zikipishana sana mzunguko, difa ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) inaumia. Mimi nahamisha kila nikimwaga oili.

Babu_Lami: Nunua mbili, funga mbele. Usukani uko huko, breki nyingi iko huko.

Fundi_Gia: Hapana mzee wangu, mpya zinakaa nyuma. Kwenye maji mbele ikiteleza, unaachia mafuta gari linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kabla hujajua.

Babu_Lami: Nimeendesha masika mengi na mpya mbele, sijageuka hata siku moja.

Kijana_Mtumba: Kwa nini asichukue za mtumba? Bei nusu.

Fundi_Gia: Aangalie umri wa tairi kwanza: asome tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mkazi, hebu soma zako za nyuma.

Mkazi_Kibaha: Zinasoma 1416. Zote mbili.

Mama_Safari: 2016! Kaka, usipeleke watoto Mbeya na hizo, kashata ziwe nzuri vipi.

Babu_Lami: Mpira ukiwa haujapasuka ubavuni unatembea tu.

Mkazi_Kibaha: Kuna mipasuko midogo karibu na rimu. Kwa hiyo ni nne? 175/65R14 Kariakoo zinaendaje siku hizi?

Kijana_Mtumba: Njoo inbox mkuu.