Naombeni ushauri: bustani ya wanyama niliyoizoea miaka 14 inakufa, niisaidieje bila kuifungisha?

Mgeni wa Jumapili (Jumapili, saa 2:14 usiku)

Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji tu humu, leo limenifika kooni.

Hapa Dar, pembezoni kabisa mwa jiji, kuna bustani ndogo ya wanyama ya mtu binafsi. Jina nalihifadhi. Mara ya kwanza nilikwenda mwaka 2011 nikiwa nimemshika mkono kijana wangu wa kwanza, ana miaka minne. Siku hizo palikuwa na kivuli, maua, mbuni watatu, na simba wawili waliokuwa wakinguruma jioni hadi watoto wanajificha nyuma ya magoti yetu. Tangu hapo hazijapita wiki tatu bila kwenda. Kijana sasa ananizidi urefu, mdogo wake naye amejifunza majina ya wanyama palepale kwenye uzio.

Sasa hivi, jamani, inaumiza. Mbuni amebaki mmoja. Maji ya mamba ni ya kijani mpaka humwoni mwenyewe, unaona pua tu. Simba dume anatembea kando ya wavu, hatua kumi na moja, anageuka, hatua kumi na moja, anageuka. Njia yake imechimbika kama mfereji, na mvua za masika zilijaza maji humo, akawa anatembea kwenye tope lile lile. Wageni Jumapili nzima hawafiki thelathini. Mwenye mali ni mzee, anaumwa, watoto wake hawana habari nayo.

Naamini inaweza kufufuka. Naota ziara za shule, vibao vyenye maelezo, miti mipya, banda kubwa la simba. Nianzie wapi? Niandike andiko la mradi? Nipeleke wapi? Nawasilisha.

Mwana Jangwani (2:20)

Mkuu, Simba kukonda sisi watu wa Yanga huku Jangwani mbona tulishazoea kuona? Pole lakini, natania.

Mchungaji wa Kivule (2:31)

Ndugu, moyo wako mzuri. Ila kuna watoto Dar hii hii wanakwenda shule bila kunywa hata uji, wewe unawazia banda la simba. Mungu aliwaweka wanyama porini. Mwenye bustani awarudishe, mambo yaishe.

Msukuma Mjini (2:44)

Umenikumbusha mbali. Sisi tuliokulia Mwanza tulikuwa na Saanane. Kile kisiwa kilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama ya serikali nchini, na jina ni la mzee aliyekuwa akiishi pale kabla. Baba yangu alitupeleka kwa boti sikukuu ya Iddi, mdogo wangu akatapikia viatu vya nahodha. Siku hizi ni hifadhi ya taifa, tangu 2013. Kwa hiyo kufufuka kupo, lakini pale serikali ndiyo iliyoshika usukani. Ya mtu binafsi anayeumwa, sijui. Samaki wa kule lakini, aisee, hamna kama wale.

Daktari wa Mbuzi (3:02)

Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro. Sijatibu simba kwa mazoea ila misingi naijua.

Mchungaji, simba aliyezaliwa au kukulia kizimbani huwezi kumfungulia tu porini. Hajui kuwinda, hana kundi, hana woga wa binadamu. Atakufa njaa, au atakwenda kwenye zizi la mtu na kuuawa.

Mleta mada, huko kutembea kwa kujirudia ni dalili ya mnyama aliyekosa la kufanya. Kuipunguza dalili hiyo hakuhitaji mamilioni. Chakula kisitupwe sehemu ile ile kila siku, kifichwe, kining'inizwe. Wekeni gogo la kukwaruzia kucha. Chukueni kinyesi cha pundamilia mkimwage bandani mwa simba, uone atakavyonusa na kujibingirisha. Hata mdalasini wa jikoni wanaupenda. Pandeni miti upande wa magharibi, jua la alasiri ndilo linaloua.

Kubwa kuliko yote ni chakula. Simba mzima anahitaji wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku, na siku moja ya kufunga kwa wiki haimdhuru. Nyama tupu bila mifupa ina kalsiamu kidogo mno, mifupa ya simba inalegea, hasa wakiwa wadogo. Wanakula nini sasa?

Mgeni wa Jumapili (3:11)

Daktari, ubarikiwe. Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Mifupa wanapata, wiki iliyopita tulinunua vichwa vinne vya ng'ombe machinjioni Vingunguti, na utumbo. Dume alimaliza kichwa kimoja peke yake.

Karani Mstaafu (3:16)

Subiri kidogo. "Tulinunua"? Wewe si mgeni tu wa kulipa kiingilio? Mliponunua ni nani na nani, na kwa hela ya nani?

Mgeni wa Jumapili (3:29)

Kuna wazazi wenzangu tunaokutana pale. Tunasaidiana kidogo. Hilo si la msingi, mimi nauliza namna ya kuiendeleza.

Karani Mstaafu (3:33)

Ndilo la msingi. Na kibali je? Wanyamapori ni mali ya umma, kuwafuga kunahitaji kibali kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ndio wasimamizi nje ya hifadhi za taifa. Kuna na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, inayombana anayemshika mnyama kumlisha, kumnywesha na kumtibu. TAWA wanajua hali ilivyo? Mwenye bustani anajua mnalisha wanyama wake? Jibu moja moja.

Binti Mzaramo (3:40)

Karani kaja na faili lake 😄

Mgeni wa Jumapili (4:05)

Basi ngoja niseme yote, maana hata kulala silali.

Mwezi wa pili nilimkuta mhudumu wa wanyama, mzee tunayemwita Babu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia. Miezi mitano hajalipwa. Siku ile simba walikuwa na siku ya tatu hawajala. Nilifungua kikundi cha WhatsApp cha wazazi ninaowafahamu pale, tupo 38. Tangu hapo tumechanga shilingi 5,300,000, zinaingia kwenye simu yangu. Chakula kimekula 3,420,000, dawa ya minyoo 85,000, na Babu nampa 150,000 kwa mwezi, miezi minne sasa. Imebaki 1,195,000.

Mwenye bustani hajui. Babu aliniomba nisimwambie, anaogopa kufukuzwa. Wachangiaji wanadhani mwenye bustani ndiye anayenishukuru. TAWA sijawaambia.

Najua mtanisema. Lakini ningewapigia wahusika, wangekuja kuchukua wanyama na kufunga geti, na Babu angebaki barabarani. Ningemwambia mwenye mali, angeona aibu akatufukuza. Mimi nilichagua simba wale leo. Bado naona nilichagua sawa. Ninachotaka ni kuendelea hivi hivi kimyakimya mpaka tupate mfadhili.

Mama Kikoba (4:18)

Kaka yangu, mimi ni mweka hazina wa kikoba mwaka wa tisa. Hela ya watu 38 kwenye simu ya mtu mmoja ni moto kwenye khanga. Siku ukiumwa, ukafa, Mungu aepushe, mkeo ataanzia wapi? Na kuwaacha wadhani mwenye bustani anashukuru wakati hajui, huo ni uongo, hata kama simba ameshiba.

Daktari wa Mbuzi (4:22)

Na mimi sikuungi mkono kwa hilo. Fikiria simba akipata kimeta kwa nyama isiyokaguliwa. Babu hana wa kumwambia ukweli, daktari atapewa historia ya uongo. Hesabu nayo inakataa. Simba wawili, kilo 6 kila mmoja, siku 6 za wiki, ni kilo 72. Hata ukipiga kwa shilingi elfu kumi kwa kilo, ni 720,000 kwa wiki. Nyie mnapunguza kwa vichwa na utumbo, vizuri, lakini mpaka lini?

Mgeni wa Jumapili (4:26)

Nyama yetu ina muhuri wa mkaguzi, sinunui nyingine. Na mpaka lini sijui, lakini kuacha siwezi. Nyie hamjamwona akisubiri getini.

Jicho la Kigogo (4:35)

Wakuu mnalia lia hapa, hamwoni mchezo? Akaunti ina wiki tatu. Uzi wa kwanza. Bustani haina jina. Babu analia juu ya ndoo. Simba wana siku tatu hawajala. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena chai ya maziwa na tangawizi. Subirini, kabla ya saa sita namba ya kuchangia itakuwa imefika.

Dogo wa Temeke (4:37)

Na mimi nilishaanza kunusa. Dar wapi kuna zuu? Simba wa Dar ni wale wanaoletwa maonesho ya Sabasaba, banda la Maliasili, wakimaliza wanaondoka.

Binti Mzaramo (4:41)

Dogo, zipo za watu binafsi zaidi ya moja, toka Temeke utembee. Mimi nimepelekwa na shule. Lakini kweli, kwa nini hataji jina?

Mgeni wa Jumapili (4:50)

Sitaji jina kwa sababu mwenyewe hajui, nimeshasema. Namba sitoi, na msimamizi akitaka afunge uzi sasa hivi. Sitaki senti ya mtu humu.

Jicho la Kigogo (4:53)

Maneno matupu. Kama unakaa naye karibu hivyo, tuambie simba akipewa nyama anaanzaje kula. Usiende kutafuta mtandaoni.

Mgeni wa Jumapili (5:01)

Huyu dume haanzi kwa kung'ata. Anaweka mguu wa mbele juu ya kichwa cha ng'ombe, analamba. Ulimi wake unakwaruza, ukisimama karibu unasikia kama fundi anapiga msasa kwenye mbao, na ngozi inabaki haina nywele. Kisha anageuza shingo upande, anatafuna kwa magego ya pembeni, siyo kwa meno ya mbele. Jike anasubiri. Akisogea mapema anapigwa kofi. Kwa hiyo Babu huwapa sehemu mbili, jike upande wa mwembe, na kwanza anagonga ndoo mara tatu. Na akikupa mgongo akainua mkia, ondoka haraka, anakojoa kwa nyuma kama bomba. Harufu ile haitoki kwenye shati kwa sabuni ya kawaida.

Jike ana kovu jeupe juu ya jicho la kushoto. Mwanangu mdogo, yule wa mwisho, anamwita Shangazi.

Msukuma Mjini (5:06)

Mimi nimeamini kwenye msasa.

Jicho la Kigogo (5:09)

Sawa, simba unamjua. Nafuta la chai. La hela nabaki nalo mpaka nione mahesabu.

Karani Mstaafu (5:20)

Tuachane na chai. Andika barua mbili. Ya kwanza kwa wachangiaji, hesabu yote, tarehe kwa tarehe, na sema wazi kwamba mwenye bustani hakuwa anajua. Wachague mweka hazina mwingine. Ya pili nenda nayo mkononi kwa mwenye bustani, usipige simu. Mzee anayeumwa anataka kuonwa, kuambiwa pole. Mwombe yeye mwenyewe aombe msaada TAWA. Mwenye mali akijipeleka, mazungumzo yanakuwa ya kurekebisha. Akikutwa, yanakuwa ya kesi. Na kama kibali kimekwisha muda, bora mjue kabla hamjapanda hata mti mmoja.

Mgeni wa Jumapili (5:34)

Na wakiamua kuwachukua?

Daktari wa Mbuzi (5:39)

Wakiwachukua wakawapeleka penye nafasi na chakula, umemsaidia simba. Ulianza uzi kwa ajili ya simba au kwa ajili ya Jumapili zako?

Mgeni wa Jumapili (Jumatatu, saa 11:48 alfajiri)

Swali la daktari limenifanya nikeshe. Nitakuwa mkweli, ni vyote viwili. Wanangu wamekulia pale.

Usiku nimetuma hesabu kwenye kikundi. Wawili wametoka bila kusema neno, mmoja kanitukana, wengine wanasoma. Mama mmoja ambaye ni mwalimu amekubali kushika hela kuanzia leo. Jumamosi nakwenda kwa mwenye bustani, mke wangu kasema tunakwenda wote na tutabeba matunda.

Babu nimempigia. Alinyamaza muda mrefu, nikawa nasikia ufagio wake wa chelewa sakafuni. Kisha akaniuliza, akifukuzwa, fisi nani atamjazia maji, maana anakunywa jioni tu watu wakishaondoka.

Mama Kikoba (12:10)

Kwenye barua ya mzee weka mshahara wa Babu mstari wa kwanza, kabla ya simba. Aone aibu kwa hilo, siyo kwa nyama.

Daktari wa Mbuzi (12:25)

Jumamosi nipo. Nitumie eneo pembeni. Mwambie Babu asioshe banda siku hiyo mpaka nifike, nataka kuona kinyesi chao.

Mgeni wa Jumapili (12:31)

Nimekutumia. Mama Kikoba, nimeuhamisha huo mstari juu.