Dada yangu ameshauriwa atibiwe sonona kwa ketamini. Hii si ndiyo nusu kaputi? Naomba ushauri

Kijana wa Chumbageni:
Wakuu, salaam. Naishi Minneapolis na dada yangu mkubwa. Ana sonona, na si ile ya kuambiwa "mawazo tu hayo, yatapita". Usiku hapati usingizi, mchana hatoki kitandani, sahani ya chakula anaisogeza pembeni. Kazini, anakohudumia wazee, ameomba likizo bila malipo. Ametumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa miezi na dozi ikapandishwa. Ya kwanza ilimnenepesha tu. Ya pili haikumsaidia kitu.

Sasa daktari wake amemtajia ketamini. Nikampigia mama Tanga kumweleza. Mama alishafanyiwa upasuaji wa uzazi, jina hilo analijua: "Hiyo si dawa ya tieta? Wanataka kumlaza mwanangu kila wiki?" Sikuwa na jibu. Shangazi naye kakumbuka habari za yule mwigizaji Matthew Perry, aliyekufa na ketamini ikakutwa mwilini, basi ukoo mzima umeshikwa na hofu.

Daktari kataja dawa ya kupulizia puani pale kliniki, inaitwa Spravato, bima huenda ikalipa. Kuna pia kliniki binafsi wanaotundika dripu, hao ni pesa mkononi. Halafu dada mwenyewe kaona kwenye simu kampuni inayotuma tembe za kuyeyusha mdomoni hadi nyumbani, unaongea na mtu kwa video. Hii ndiyo anayoitaka, kwa sababu hakuna atakayemwona akiingia kliniki ya akili. Roho yangu inaikataa ila hoja sina. Ni tiba kweli au tunafanyiwa majaribio?

Mtoa Usingizi wa Mikoani:
Pole sana mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi hospitali ya wilaya huku nyumbani, na mama yako hajakosea hata kidogo. Ni dawa ileile. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na Calvin Stevens wa maabara ya Parke-Davis, ikaruhusiwa kwa upasuaji mwaka 1970, na tangu 1985 ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Umeme umekatika, mashine ya kupumulia hakuna, mama anavuja damu mezani: ketamini inamlaza na kumwondolea maumivu, naye anaendelea kupumua mwenyewe. Sisi wa wilayani hatuna mbadala wake.

Mwambie mama kinachotofautiana ni kipimo. Kwenye upasuaji tunachoma mshipani miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja. Mtu wa kilo 60 anapata 60 hadi 120, macho yanabaki wazi lakini mwenyewe hayupo. Kwa sonona kipimo cha dripu kilichozoeleka ni nusu miligramu kwa kilo, yaani huyohuyo anapata 30, tena kwa dakika 40, tone kwa tone. Halazwi. Anakusikia na kukujibu, ila mwili unakuwa mwepesi, sauti zinatoka mbali, saa zinapotea.

Wagonjwa wangu wakizinduka wengi huweweseka. Yupo aliyenishika mkono kwa nguvu akisema kitanda kinapaa, nimshushe. Ndiyo maana tunataka kimya, taa hafifu, na mtu mmoja tu wa kuongea naye kwa upole. Na presha hupanda, lazima ipimwe. Sasa mfikirie dada yako yuko peke yake chumbani na tembe yake, kitanda kinapaa, na wewe uko kazini.

Nesi Halima:
Mimi ni nesi wa wagonjwa wa akili hapahapa Marekani. Si majaribio. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wachache mno. Mwaka 2006 taasisi ya taifa ya afya ya akili ikawapima watu 18 ambao dawa za kawaida ziliwashinda. Kesho yake asilimia 71 walikuwa na nafuu kubwa. Baada ya wiki, waliobaki na nafuu hiyo walikuwa asilimia 35. Hizo namba mbili zisome pamoja, maana kliniki nyingi za biashara hukutajia ya kwanza tu. Inawahi, na inawahi kuondoka. Dawa za zamani nyingi zinapitia serotonini, kemikali ya ubongo, na huchukua wiki kadhaa. Hii inagusa njia ya kemikali nyingine ya ubongo, glutamati, ndiyo maana ndani ya saa chache mtu anaanza kuona tofauti.

Spravato ni esketamini, ndugu yake ketamini. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliipitisha Machi 2019 kwa watu wa aina ya dada yako, walioshindwa na angalau dawa mbili. Huanza mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, halafu inapunguzwa. Anapulizia mwenyewe mbele yetu, anakaa saa mbili tukimwangalia, na haendeshi gari mpaka kesho yake baada ya kulala vizuri. Haruhusiwi kwenda nayo nyumbani kabisa. Ketamini ya dripu na hizo tembe FDA haijazipitisha kwa ugonjwa wowote wa akili. Madaktari wanaruhusiwa kutoa dripu kwa uamuzi wao, na wapo wanaofanya vizuri, lakini kuhusu za kutumiwa nyumbani FDA ilitoa onyo Oktoba 2023. Hoja yako ndiyo hiyo.

Amwambie daktari kama ana presha, kama aliwahi kuvuja damu kichwani au ana mshipa uliovimba, kama ana mimba, kama aliwahi kusikia sauti zisizokuwepo. Asifiche hata moja. Na kama Kiingereza cha hospitali kinampa shida, aombe mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpa bure. Usikalimani wewe, kuna mambo hatayasema mbele ya mdogo wake.

Nikuulize: amewahi kusema amechoka kuishi?

Ukweli Mchungu:
Mnamwingiza dada wa watu kwenye unga wa hospitali. Watu wanaivuta kwenye madisko. Apelekwe akaombewe, arudi nyumbani akae na ndugu.

Nesi Halima:
Ukweli Mchungu, aombewe na atibiwe, hakuna anayezuia. Na ni kweli watu wanaitumia vibaya. Wanaoizoea huharibikiwa kibofu, wanakojoa kwa maumivu makali. Kuhusu Perry, alifariki tarehe 28 Oktoba 2023. Wachunguzi walisema ketamini iliyokutwa mwilini haikutoka kliniki, maana kikao chake cha mwisho kilikuwa zaidi ya wiki nyuma. Aliitumia nje ya uangalizi, akazama kwenye bwawa la maji moto. Hiyo ni sababu ya kumkataza dada ile ya kwenye simu.

Msafiri wa Machakos:
Niko Texas, mimi nilipitia hiyo ya drip. Wacha niseme ukweli: ilinisaidia. Siku ya pili niliamka nikasikia ndege nje, nikagundua ni miezi sijawahi kuwasikia. Lakini nililipa mamia ya dola kila kikao, insurance ilikataa, na pesa ilipoisha giza lilirudi polepole. Ile kliniki hawakuwa na mtu wa kuongea naye, ni kiti na sindano tu. Sasa niko kwa counsellor na dawa ya kawaida, na afadhali. Kabla ya kuanza, uliza mtafanya nini ikishaacha kufanya kazi.

Kijana wa Chumbageni:
Nimesoma yote, asanteni sana. Mama nimemsomea ya mtoa usingizi neno kwa neno, ametulia. Nesi Halima, ndiyo, wiki iliyopita alisema angependa alale asiamke.

Nesi Halima:
Basi usingoje miadi. Mpigie daktari wake leo, umwambie maneno hayohayo. Dawa zote ndani ya nyumba zikae kwako. Usiku akizidiwa, 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, inapokea simu na ujumbe saa zote, na kama ameshajidhuru au yuko karibu kufanya hivyo, 911. Spravato inaruhusiwa pia kwa sonona yenye mawazo ya kujiua, lakini haijathibitishwa kuzuia mtu kujiua, kwa hiyo uangalizi haupungui hata akianza.

Kijana wa Chumbageni:
Nimempigia. Wamesema aje kesho asubuhi na amekubali nimpeleke. Wakiamua kuanza Spravato, ale kabla au asile?

Nesi Halima:
Siku ya kupulizia asile saa mbili kabla, na asinywe chochote nusu saa kabla, kichefuchefu ni cha kawaida. Dawa zake nyingine azibebe na chupa zake. Wewe chukua ruhusa ya siku nzima.