Mkono wa gari la rimoti unagoma kwenye pini: meshi, msasa au alezwari?

Katindo_RC (Goma)
Bandugu, salamu. Ninajenga gari la rimoti la kipimo cha 1/10, lile la kuunganisha mwenyewe kuanzia visi (skrubu) ya kwanza. Difa, zile gia zinazogawia magurudumu mzunguko, imekwisha, boksi la gia limefungwa, nimefika kwenye mikono ya mbele, ile inayoshika magurudumu na kupanda na kushuka kwenye pini, na hapo nimesimama. Nikiuinua mkono unabaki juu, haushuki. Pini ni ya milimita 3, na kwenye karatasi ya maelekezo tundu nalo ni la 3, lakini pini inaingia kwa kusukumwa na pensi (koleo).

Nimepewa njia tatu. Wa kwanza anasema nipitishe meshi ya 3, ile ncha ya kutobolea ya mashine. Wa pili anasema nizungushe msasa kwenye spoki ya baiskeli nisugue ndani. Wa tatu anasema niagize alezwari, kile chuma chembamba chenye makali marefu ubavuni, ila hapa mjini sijaiona na kuagiza ni kungoja. Wapo pia wanaosema niache tu, italegea yenyewe gari likianza kukimbia. Ninyi mmetumia ipi?

Fundi_Birere (Goma)
Meshi, mdogo wangu, usijisumbue. Lakini kwa vidole, si kwa mashine! Mashine inapasha plastiki moto, plastiki inalainika na kung'ang'ania meshi, halafu mkono mzima unazunguka na kukupiga vidole. Funga meshi kwenye kishikio kidogo, izungushe polepole upande wa kukata, itoe mara kwa mara upulize unga. Na iwe ya 3 kamili. Ukishawishika kuchukua ya 3.2 umekwisha, magurudumu yatacheza hadi utayasikia.

Hiyo ya kuacha ilegee yenyewe, hapana. Kulegea italegea, ila kushoto kwa namna yake na kulia kwa namna yake, na gari litavuta upande mmoja.

Ya_Lubum (Lubumbashi)
Jambo kwenu huko Kivu. Mzee wa Birere nakuheshimu, lakini kwa mkono wa gari meshi siikubali. Angalia meshi ya kawaida ya 3: urefu wake wote ni milimita 61, na sehemu yenye makali ni kama 33 tu. Mkono wa mbele una masikio mawili yaliyoachana, yale yenye matundu ya pini. Makali hayafiki sikio la pili ukiwa bado ndani ya la kwanza, kwa hiyo unatoboa hili kutoka huku na lile kutoka kule. Kila tundu peke yake litakuwa zuri, lakini hayatatazamana. Pini ikipita inapindishwa kidogo, na kukwama kunabaki palepale wakati plastiki umeshaiondoa.

Kingine, meshi inakata kwa ncha. Ikikuta tundu ambalo tayari lipo inayumba, na tundu linakuwa la yai. Alezwari inakata kwa ubavu, inajiongoza yenyewe ndani ya tundu la zamani na inatoa unga mdogo sana. Ile ndefu inapita masikio yote mawili kwa safari moja. Mimi ninayo, nimeitumia kwenye magari ya watoto wa mtaa wetu wote, na sijaona mkono hata mmoja uliolegea kupita kiasi. Ngoja mzigo, usikimbilie.

Fundi_Birere (Goma)
Ya Lubum, huko kwenu kila chombo cha mgodini kinapatikana. Sisi tunafanya kazi na kilichopo.

Mama_wa_Saa (Bukavu)
Wanangu, mnashindana juu ya kisu kabla ya kujua mgonjwa anaumwa wapi. Mimi natengeneza saa hapa Kadutu, na magari haya nilianzishwa na mwanangu wa mwisho. Katindo, usiondoe plastiki yoyote leo. Fanya hivi kwanza.

Toa amotisa (ile springi ya kupunguza mtikisiko) na fimbo ya usukani, ubaki na mkono na pini tu. Kisha legeza visi zinazobana kile kipande kinachoshika pini, nusu mzunguko, si zaidi. Inua mkono, uachie. Ukianguka wenyewe, tundu halina kosa: ulikaza mno, plastiki ikajipinda ikabana pini. Visi za kuingia kwenye plastiki hukazwa mpaka zikae, basi.

Usipoanguka, chomoa pini uiviringishe juu ya kioo. Iliyopinda utaiona mwanga ukipita chini yake. Pini mpya kupinda si ajabu, mfuko unakanyagwa njiani. Papasa pia ncha zake kwa ukucha, maana pini zilizokatwa kwa mashine mara nyingi zina ukingo mkali mwishoni, na ukingo huo ndio unaokwaruza tundu. Uondoe kwa msasa laini.

Pini ikiwa nyoofu, tazama pale ulipokata mkono kutoka kwenye fremu yake ya plastiki. Kikibaki kisiki kidogo upande wa ndani, kinasugua kwenye chasi, na wewe unalaumu tundu. Kisiki ni kwa kisu kikali, kidogo kidogo, hadi uso uwe sawa.

Hayo yote yakikosa ndipo tuzungumze tundu. Na hata hapo mimi naanza na pini. Ing'arishe kwa msasa wa 1000 wenye maji, halafu wa 2000. Ukiharibu pini unanunua nyingine, lakini plastiki ukishaikwangua hairudi.

Himbi_Drift (Goma)
Mama ameongea. Mimi naongeza kuhusu msasa, kwa sababu ndio niliotumia. Spoki nyingi za baiskeli ni milimita 2, kwa hiyo ukizungusha msasa mwembamba mara moja na nusu unakaribia 3. Inafanya kazi kwenye sikio moja fupi. Kwenye tundu refu inapanua mdomo kuliko kati, tundu linakuwa kama tarumbeta. Na lazima uoshe baada ya hapo: chembe za msasa hujizika ndani ya plastiki laini na kuendelea kula pini.

Njia yangu ya sasa ni dawa ya meno. Paka kwenye pini, ipitishe tunduni, izungushe kwa mkono kwa muda mrefu, osha kwa maji na sabuni. Inaondoa kidogo sana, hivyo hata ukikosea huharibu. Kwa pini ya kusukumwa na pensi kama yako itachukua jioni nzima, lakini kwa mkono unaoshuka polepole tu inatosha.

Jambo moja: usitie mafuta hata tone. Vumbi letu hapa ni mawe ya volkano yaliyosagika. Likichanganyika na mafuta linakuwa dawa ya kusagia, na baada ya Jumapili chache tundu litakuwa limepanuka bila meshi. Pini ikae kavu.

Katindo_RC (Goma)
Mama, aksanti sana. Mkono wa kushoto ulikuwa visi! Nimelegeza nusu mzunguko, ukaanguka. Wa kulia bado. Pini ni nyoofu, kisiki nimekata. Nimejaribu pini kwenye kila sikio peke yake: la nyuma inapita bila shida, la mbele ndilo linabana.

Ya_Lubum (Lubumbashi)
Kama ni sikio moja tu, basi hoja yangu ya masikio kutotazamana inapungua nguvu. Meshi kwa vidole itakufaa, ila ipitishe kwanza kwenye sikio la nyuma, lililo zima, bila kuizungusha, ndipo ifike la mbele. Lile la nyuma linakuwa mwongozo. Mzee wa Birere, hapo umenishinda.

Fundi_Birere (Goma)
Nimekusamehe.

Mama_wa_Saa (Bukavu)
Kabla ya hapo, mikono hiyo ni ya nailoni au ya plastiki ngumu ya kung'aa? Kama ni nailoni na unataka kuichemsha ili isivunjike kwenye mawe yenu, ichemshe kwanza, ndipo upanue. Nailoni inakunywa maji na kuvimba. Ukipanua leo ukachemsha kesho, vipimo vinabadilika.

Katindo_RC (Goma)
Ni nailoni. Nimechemsha, nimeacha ipoe, nimepitisha meshi kwa vidole kama Ya Lubum alivyosema. Mkono unaanguka. Ila sasa kati ya mkono na chasi kuna nafasi, unacheza mbele na nyuma kidogo.

Himbi_Drift (Goma)
Hiyo ni kazi ya washa, vile viduara vyembamba vya chuma vyenye tundu kati. Zinauzwa nyembamba za 0.1, 0.2 na 0.3, lakini kopo la soda ni kama 0.1 hivi. Kata kiduara, toboa kati, sugua kingo. Ongeza moja moja, na kila ukiongeza angalia mkono bado unaanguka wenyewe. Ukiacha kuanguka, toa ya mwisho.

Katindo_RC (Goma)
Sawa. Swali la mwisho: vile vikombe vya plastiki vinavyoshika mpira wa chuma kwenye fimbo ya usukani, navyo vinabana. Meshi tena?

Fundi_Birere (Goma)
Hapo hata mimi nasema hapana.

Mama_wa_Saa (Bukavu)
Kikombe kikiwa juu ya mpira wake, kibane kidogo kwa pensi, ubavuni, kisha geuza robo ubane tena. Plastiki inasogea, haipungui. Jaribu baada ya kila mbano. Na hakikisha umekiingiza upande sahihi, kwani vingine vina upande mmoja ulioandikwa au wenye mdomo mpana, na huo ndio wa kuingizia mpira.

Ya_Lubum (Lubumbashi)
Katindo, alezwari yangu nitaituma Bukavu na mtu anayepanda huko, Mama aikabidhi kwenye boti la Goma. Mikono ya nyuma bado hujaifikia, au siyo?

Katindo_RC (Goma)
Bado, Ya. Naingojea.